Wakutubi tukutane hapa: marejeo hewa, nywila za droo na vitabu vya stoo

Rafu ya Pili (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Humu ndani walimu wana uzi wao, manesi wana wao, hata wafuga kware wana wao. Wakutubi hatuna hata mmoja wa kueleweka. Basi tuanzishe. Mimi niko maktaba ya chuo, Kanda ya Kati. Chuo sikitaji, mshahara wa mwisho wa mwezi bado nauhitaji.

Nianze na kero ya sasa hivi: marejeo hewa. Mwanafunzi anakuja mezani na orodha ya marejeo, anataka nimtafutie makala. Waandishi wapo, jarida lipo, mwaka upo, juzuu ipo, kurasa zipo. Ukitafuta, hakuna kitu. Akili mnemba imemtungia, na imetunga kwa ustadi: inamchukua mwandishi wa kweli, inampa kichwa cha makala ambayo angeweza kabisa kuiandika, inaiweka kwenye jarida la kweli.

Juzi nimekaa na binti wa mwaka wa tatu tukaipitia orodha yake mstari kwa mstari. Rejeo la kwanza lina DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni. Tumeibandika doi.org, ikatupeleka kwenye makala ya magonjwa ya samaki. Yeye anaandika kuhusu mikopo ya vikundi vya akina mama. La pili halina DOI, ila linasema juzuu ya 47, mwaka 2019. Tukafungua ukurasa wa jarida lenyewe: lilianza 1998, juzuu moja kila mwaka. Hesabu ya darasa la tatu, 2019 ilitakiwa kuwa juzuu ya 22. La tatu likawa la kweli, akafurahi kama kaokota hela.

Na msidhani ni watoto wetu tu. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times la Marekani lilitoa orodha ya vitabu 15 vya kusoma likizo. Kumi kati yake havijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Waandishi waliotajwa wapo, vitabu havipo.

Sasa, huyu binti nilimuuliza kwa nini hakuanzia maktaba. Jibu lake ndilo limenifanya nifungue uzi: "Makala zote zinadai hela." Si kweli, na kosa si lake.

Kuna Research4Life, mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na wachapishaji wa kuzifungulia nchi zenye kipato kidogo machapisho ya kitaaluma. Ndani yake kuna programu tano: Hinari ya afya, ilianza 2002 na Shirika la Afya Duniani, AGORA ya kilimo, 2003, FAO, OARE ya mazingira, 2006, UNEP, ARDI ya teknolojia, ya WIPO, na GOALI ya sheria, 2018, ILO. Wachapishaji wakubwa wa dunia wameweka humo majarida na vitabu vyao. Nchi ziko makundi mawili, na kundi A halilipi hata senti. Tanzania, kwa kuwa imo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, iko kundi A.

Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu binafsi. Chuo, hospitali, kituo cha utafiti, ofisi ya serikali. Taasisi inapewa jina la mtumiaji na nywila, na hapo ndipo mambo hulala. Nywila inakuja kwenye barua pepe ya bosi, bosi anaiandika kwenye karatasi, karatasi inaingia droo, droo inafungwa. Naijua taasisi moja ambayo nywila ilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, akastaafu, akaondoka nayo.

Ukiuliza unaambiwa masharti yanakataza kuigawa. Yasomeni. Yanakataza kuibandika kwenye tovuti ya wazi, kumpa mtu wa nje ya taasisi, na kupakua toleo zima la jarida kwa mpigo. Hayakatazi kumpa mwanafunzi na mhadhiri wa hapo hapo. Hao ndio waliokusudiwa!

Karibuni tujadili. Mwenye zana anayoitumia kazini aiweke, mwenye kero aimwage.

Msomaji Mkorofi

Swali la uchokozi: maktaba si ndiko anakopelekwa mtumishi aliyegombana na bosi? Ofisini kwetu karani wa masijala alikosana na mkurugenzi, Jumatatu tukamkuta anapanga vitabu.

Rafu ya Pili

Mkuu hujakosea, ndiyo hali. Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi na uhifadhi nyaraka tangu 1989, SLADS, kila mwaka kinatoa vijana wenye cheti na stashahada. Wanazunguka na bahasha mtaani huku maktaba amekaa karani aliyeadhibiwa. Halafu mtu anashangaa kwa nini hakuna anayeijua Hinari.

Mwalimu wa Zamu

Nyie wa vyuo mnalilia nywila, sisi huku shule za kata hata chumba hatuna. Mimi ni mwalimu wa Jiografia na Kiswahili, vipindi vyangu ni vingi tu, na juu yake nimekabidhiwa "maktaba". Maktaba yenyewe ni makabati mawili kwenye ofisi ya taaluma na shehena ya vitabu iliyofungiwa stoo. Vitabu vipya vya TET, Taasisi ya Elimu Tanzania, vilikuja, tukavihesabu, tukavigonga mhuri, tukavifungia. Watoto wanaviona siku ya ugeni.

Ninachokitumia ni Maktaba Mtandao ya TET, vitabu vya kiada vinasomeka humo bure. Tatizo ni bando, ni langu. Mwenye ujuzi wa kupata vitu bila intaneti anisaidie.

FundiSeva

Mwalimu, tafuta Kiwix. Ni programu ya bure inayosoma Wikipedia nzima bila intaneti. Unashusha faili mara moja ukiwa sehemu yenye mtandao, unaweka kwenye flashi, unafungua kwenye kompyuta yoyote, hata simu. Wikipedia ya Kiswahili ni ndogo, flashi ya kawaida inaibeba bila jasho. Ya Kiingereza ikiwa na picha ni kubwa mno, chukua ile isiyo na picha au chagua ya mada moja moja, ya hesabu, ya tiba na kadhalika. Ukipata kikompyuta cha Raspberry Pi unaweza kukifanya kirushe Wi-Fi darasani, watoto wanaingia kwa simu au vishikwambi bila kutumia bando hata kidogo. Kolibri nayo ni ya aina hiyo, ila imekaa kimasomo zaidi, ina video na mazoezi.

Kasaini Kwanza

Nimesoma mnavyotupiga madongo wakuu wa shule. Naomba nijibu kwa niaba ya wenye funguo.

Mkaguzi akija haulizi watoto wamesoma vitabu vingapi. Anauliza viko wapi. Leja inasema nakala 240, yeye amehesabu 198, hizo 42 anaziandika kwa jina langu. Mwalimu wa maktaba kahama, mtoto aliyeazima kamaliza kidato cha nne yuko Kahama kwenye machimbo, mimi ndiye nabaki najibu hoja. Katika mazingira hayo, kitabu salama ni kitabu kilichofungiwa. Mnaotaka tufungue milango, leteni kwanza utaratibu wa kunilinda mimi, kisha tuongee kuhusu utamaduni wa kusoma.

Mzee wa Kadi

Marahaba kwa walioniamkia na ambao hawajaniamkia.

Nimestaafu, lakini kazi hii naijua tangu enzi za kadi za katalogi na droo zake za mbao. Kasaini Kwanza amesema kweli, msimzomee. Kitabu cha maktaba kinahesabiwa kama kiti. Kiti kikikaliwa miaka mitano bado ni kiti. Kitabu kikisomwa miaka mitano kinaisha, na kuisha kwake ndiyo kazi yake. Lakini kwenye leja vyote ni mali ya serikali.

Dawa ipo, ni ya kizamani. Kwanza daftari la kupokelea vitabu liwe mbali na leja ya vifaa vingine: kila nakala ina namba yake, tarehe iliyoingia, ilikotoka, na safu ya mwisho pana inayosema "imetoka lini na kwa nini". Hiyo safu ya mwisho wengi hawaichori. Pili, kila mwaka mnapalilia rafu. Mwalimu wa maktaba, mwalimu wa somo na mjumbe wa bodi ya shule wanakaa, wanatoa vilivyochanika, vilivyopitwa na mtaala, vilivyopotea kwa azimo lenye jina, wanaandika orodha, wanasaini wote, kisha orodha inaingizwa kwenye utaratibu wa kufuta mali iliyochakaa. Mkaguzi akikuta karatasi yenye saini anaandika kitu kingine kabisa. Anayekuta pengo bila karatasi ndiye anayemwandika mtu.

Msiogope kupalilia. Maktaba nyingi zimejaa misaada ambayo hakuna aliyeiomba. Nimewahi kufungua maboksi nikakuta miongozo ya kulipa kodi ya Marekani na vitabu vya kujifunza kompyuta za Windows 95, miaka ya hivi karibuni, na hafla ya kupokea ilikuwa na keki. Wapo wanaofanya vizuri, nisiwaonee. Book Aid International ya Uingereza, iliyoanza 1954 kwa jina la Ranfurly, siku hizi inaleta vitabu vipya vilivyochaguliwa. Kwa wengine, mwombe mfadhili orodha kabla kontena halijafungwa. Ukishindwa kusema hapana kwa mdomo, sema kwa barua.

Rafu ya Pili

Shikamoo Mzee. Hiyo safu ya mwisho ya daftari nimeipenda, hata sisi wa chuo hatuna.

Mzee wa Kadi

Marahaba mwanangu. Ichoreni.

Binti Pangani

Niko maktaba ndogo mkoa wa Tanga. Kero yangu ni Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu rafuni kwa namba za mada, naomba nieleweke kwa wasio wakutubi. Mfumo huu ulitoka 1876 Marekani na unamfuata aliyeutunga. Nenda kwenye dini, 200. Biblia ina 220 nzima, Ukristo unaendelea hadi 280 na ushee. Uislamu wote umebanwa kwenye 297. Dini za jadi za Kiafrika ziko 299.6, baada ya nukta. Sasa mimi rafu yangu ya dini karibu yote ni 297, kila kitabu kina mkia mrefu wa desimali ili nitenganishe tafsiri ya Kurani na vitabu vya fikihi. Msomaji anakuja na karatasi ya namba ndefu kama ya simu.

Fasihi nako vilevile. Riwaya ya Kiingereza ni 823, basi. Riwaya ya Kiswahili ni 896.3923, ushairi 896.3921, tamthiliya 896.3922. Chukueni tamthiliya yoyote ya shule, mgongo wake mwembamba kama kidole cha mtoto, mnibandikie hapo lebo yenye tarakimu saba na herufi tatu za mwandishi. Haitoshi! Naibandika jaladani, kisha kitabu kikisimama rafuni namba haionekani.

Rafu ya Pili

Dada, hili lina njia na ni halali kabisa, Dewey wenyewe wameiruhusu. Kwenye maelekezo ya darasa la 800 kuna hiari kwa nchi inayotaka fasihi yake ipewe kipaumbele. Ama unaiweka fasihi yako kwenye 810, unaihamisha ya Kimarekani iliyokuwa hapo, ama unaitanguliza kabla ya 810 kwa herufi. Wapo wanaotumia 8S, kisha 8S1 ushairi, 8S2 tamthiliya, 8S3 riwaya. Lebo inatosha hata kwenye kitabu cha kurasa 60, na Kiswahili kinakaa mlangoni. Kwa dini nako kuna mpangilio wa hiari. Sharti moja tu: andika uamuzi wako ukutani na kwenye faili, atakayekuja baada yako asidhani ulilewa.

Binti Pangani

Eh! Miaka yote hiyo nimeteseka na hakuna aliyenifundisha. Nakwenda na 8S.

FundiSeva

Naona hakuna aliyegusa programu, ngoja niguse mimi. Wanaotaka kutoka kwenye daftari kwenda kompyuta, mbele yenu kuna Koha, programu ya kuendesha katalogi na uazimaji. Ilitengenezwa New Zealand kwa ajili ya maktaba ndogo za wilaya moja, ikaanza kazi Januari 2000, leo vyuo vingi vyetu vinaitumia. Ni bure, lakini bure yake ni ya programu, si ya fundi. Inataka seva ya Linux, mtu wa kuiangalia, na UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) inayofanya kazi. Kwa shule au maktaba ya mtaa yenye vitabu elfu mbili tatu, angalieni SLiMS ya Indonesia, inakubali kukaa kwenye kompyuta ya kawaida ya Windows. Kwa hifadhi ya tasnifu na machapisho ya chuo, DSpace ndiyo inayotumika kwingi.

Kitu kitamu cha Koha ni kuvuta rekodi. Hukai unaandika kila kitabu upya. Unaingiza ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, unaiambia itafute kwenye maktaba nyingine kwa njia inayoitwa Z39.50, rekodi inarudi imekamilika: 245 jina la kitabu, 082 namba ya Dewey, 650 mada. Unarekebisha, unahifadhi, sekunde chache. Watu hudhani vitabu vya Kiswahili havitapatikana huko. Jaribuni kabla ya kukata tamaa. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu 1966, kazi yake ni kununua machapisho ya ukanda huu, hivyo vitabu vingi vya Dar na Nairobi, zile ISBN za 9976, 9987 na 9966, vina rekodi kule. Visivyopatikana mara nyingi ni vya waandishi wanaojichapishia, na hao wengine hata ISBN hawajachukua, ingawa inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba.

Na hapa niwaombe kitu kwa magoti: nakala rudufu. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza, British Library, ilivamiwa na kundi la wadukuzi la Rhysida. Walidai bitkoini 20, maktaba ikakataa kulipa, wakamwaga mtandaoni takriban GB 600 za data, zikiwemo taarifa za wafanyakazi na watumiaji. Katalogi ilirejea mtandaoni Januari 2024, tena kwa kusoma tu. Ripoti yao wenyewe waliyoitoa Machi 2024 inaonyesha mlango ulikuwa ni seva ya kuingilia kwa mbali iliyotumiwa na wahudumu wa nje, na haikuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Ile ni taasisi yenye hela na wataalamu. Sasa nije kwenu: nimeingia chuo kimoja kurekebisha Koha, nikauliza nakala rudufu iko wapi, nikaonyeshwa folda iliyo kwenye seva ile ile iliyokufa. Walianza upya kutoka kwenye daftari. Bahati yao daftari halikutupwa.

Mzee wa Kadi

Hahaha. Kadi haivamiwi.

Jirani wa Nairobi

Habari zenu majirani. Kwetu Kenya mvutano mkubwa ni nani mwenye maktaba. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeorodhesha maktaba kuwa kazi ya kaunti. Kwa hivyo matawi yaliyokuwa ya KNLS, shirika la kitaifa lililoundwa kwa sheria ya 1965, yanafaa kuwa chini ya kaunti. Jengo linahama haraka. Mfanyakazi na mshahara wake ndio wanakwama njiani, na bajeti ya vitabu haionekani kabisa. Gavana anapenda kufungua barabara kuliko kununua vitabu.

Lakini kuna la kuigwa. Maktaba ya McMillan katikati ya jiji ilijengwa 1931, na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na akina mama wawili wa fani ya vitabu, liliingia makubaliano na kaunti, likaanza na matawi ya Kaloleni na Makadara huko Eastlands badala ya kukimbilia jengo kubwa lenye nguzo. Wakakarabati, wakaweka katalogi, wakawauliza wakaazi wanataka nini humo ndani. Watoto wanajaa. Kazi ya kwanza ilikuwa kuhesabu kilichopo, maana hakuna aliyejua.

Na Garissa ngamia bado wanasifika, maktaba ile ya ngamia ilianza 1996 kupelekea vitabu jamii za wafugaji. Wageni wanapenda kuipiga picha. Wachache huuliza kama vitabu vilivyo mgongoni ni vya lugha wanayozungumza watoto.

Mtoto wa Ilala, Minnesota

Nawasoma kutoka huku Marekani, nafanya kazi maktaba ya umma, kaunta ya watoto. Huku shida ni nyingine. Watu wanakuja na orodha za vitabu wanavyotaka viondolewe. Chama cha Maktaba cha Marekani kilihesabu majina 4,240 yaliyolengwa mwaka 2023 pekee. Jimbo letu lilipitisha sheria 2024 ya kuzuia maktaba kuondoa kitabu kwa sababu tu mtu hakupenda maoni yaliyomo, kwa hiyo tunapumua kidogo. Halafu Mei 2025 mkuu wa ile ile Maktaba ya Bunge anayoisema FundiSeva, Carla Hayden, aliondolewa kazini na Rais, kwa barua pepe. Mwanamke wa kwanza na Mmarekani Mweusi wa kwanza kushika kiti kile.

Vitabu vya kielektroniki navyo msiviote sana. Maktaba hainunui, inakodi. Kuna mchapishaji mkubwa ambaye tangu 2011 leseni yake inaisha kitabu kikishaazimwa mara 26, unalipa tena. Cha karatasi tunakibandika gundi kinaendelea. Kwa hiyo mkishawishiwa na wauzaji kwamba mfunge rafu muingie dijitali, someni mkataba hadi maandishi madogo.

Dokta Mtarajiwa

Mimi si mkutubi, ni mhadhiri msaidizi. Nataka kupanda cheo, natakiwa kuchapisha. Kila asubuhi napata barua pepe, "Ndugu Profesa Mashuhuri", makala itatoka ndani ya siku tano, dola 120. Na jarida zuri nililolitaka linadai zaidi ya dola 2,000. Nifanyeje? Mwenzangu ameichapa orodha ya majarida feki iliyotungwa na Beall, mkutubi wa Marekani.

Rafu ya Pili

Kaka, hapo umekuja kunakohusika. Orodha ya Beall iliondolewa mtandaoni Januari 2017, hizo zinazozunguka ni nakala ambazo sijui nani anaziongezea. Usiitegemee. Anza na DOAJ, saraka ya majarida huria iliyoanza 2003, majarida humo yanachujwa kabla ya kuingia. Kwa ya kwetu Afrika angalia AJOL, ipo tangu 1998. Kisha fungua bodi ya wahariri ya jarida, chagua majina mawili, nenda kwenye kurasa za vyuo vyao uone kama na wao wanasema wako kwenye bodi hiyo. Majarida ya ovyo huorodhesha maprofesa ambao hawajui hata kama wameorodheshwa. Kuhakiki makala kwa siku tano hakuwezekani: nani kasoma makala yako, kaijadili na kuirudisha ndani ya siku tano?

Kuhusu hizo dola 2,000, hili watu hawalijui na ni hela. Wachapishaji wengi wakubwa wanafuta ada ya uchapishaji kwa waandishi wa nchi za kundi A la Research4Life. Lile lile kundi letu. Msamaha unauomba wakati wa kutuma makala, si baada ya kukubaliwa, na mwandishi anayewasiliana na jarida awe wewe wa hapa, si mshirika wako wa Ulaya. Soma ukurasa wa ada wa jarida husika, tafuta sehemu inayoeleza misamaha.

Dokta Mtarajiwa

Yaani miaka yote hii maktaba ya chuo ilikuwa inajua hili?

Rafu ya Pili

Maktaba ya chuo chako sijui. Mkutubi wako pengine anajua, ila hajawahi kuitwa kwenye kikao cha idara.

Macho Manne

Naomba niongeze la wasioona, maana linasahauliwa kila mahali. Mkataba wa Marrakesh ulipitishwa Juni 2013, ukaanza kutumika Septemba 2016, na Kenya, Uganda na Tanzania zote zimejiunga. Lengo lake ni kwamba taasisi inayowahudumia wasioona iweze kukigeuza kitabu kuwa breili, sauti au maandishi ya kielektroniki bila kusubiri kibali cha mwenye hakimiliki, na kubadilishana nakala hizo na nchi nyingine zilizojiunga. Nafanya kazi na wanafunzi wa aina hiyo. Kila nikiomba maktaba wanichanganulie kitabu cha kiada, naambiwa "hakimiliki, COSOTA watatukamata", yaani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Wakati huo huo stationari ya getini inatoa kopi kitabu kizima mchana kweupe, na foleni ipo.

Mwalimu wa Zamu

Nimejifunza mengi kuliko semina tuliyolipwa posho. Swali la mwisho kabla sijaenda kusahihisha: vyama vyetu vinafanya nini? Nikitaka kujiunga niende wapi?

Mzee wa Kadi

Mwalimu, kwa hapa nchini kuna Chama cha Wakutubi, TLA, nacho hupokea hata walimu wa maktaba. Vyuo na taasisi za utafiti wana umoja wao wa COTUL, huko ndiko hujadiliwa usajili wa pamoja wa majarida. Kwa ukanda wetu wa mashariki, kati na kusini kuna mkutano wa SCECSAL, mzizi wake ni chama cha wakutubi wa Afrika Mashariki cha 1957. Kwa bara zima kuna AfLIA, makao Accra, hao wanaendesha mafunzo mtandaoni, mengine bure, fuatilia. Kidunia ni IFLA. Ukiwa na bando la mtu mmoja anza na AfLIA.

Kasaini Kwanza

Mzee, nimeichora ile safu. Bodi ya shule inakaa mwezi ujao, nitapeleka orodha ya vilivyochakaa. Vya kidato cha kwanza na cha pili vinatoka stoo wiki hii, mwalimu wa maktaba aandae daftari la azimo lenye jina, mkondo na namba ya simu ya mzazi. Atlasi na kamusi hazitoki.

Mwalimu wa Zamu

Mkuu, mimi ni mwalimu wa Jiografia na Kiswahili.

Kasaini Kwanza

Atlasi zitasomewa ofisini kwa mwalimu wa taaluma, saa nane hadi saa kumi, kwa kusaini. Kamusi tutaongea.